Historia Inayoponya: Fundisho kutoka Nyange

Katika mtaala mpya shule zetu zinafundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Huenda mzazi akajiuliza: historia na maadili vinahusianaje? Tuwatazame jirani zetu wa Rwanda.

Kabla ya mwaka 1994, wanafunzi wa Rwanda walifundishwa kuwa Wahutu ndio wenyeji na Watutsi ni wageni waliotoka mbali. Fikra hiyo ilienezwa na wakoloni, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila katika vitambulisho. Darasani, watoto walisimamishwa kulingana na kabila. Mbegu hiyo ilikuja kuzaa mauaji ya kimbari.

Baada ya mauaji, serikali ilisimamisha ufundishaji wa historia ya nchi, kwa kuwa haikuwa rahisi kukubaliana nini kifundishwe. Lakini darasa likinyamaza, nyumba hainyamazi. Kila familia ilibaki na simulizi yake. Ndiyo maana mtaala wa mwaka 2015 uliagiza mauaji hayo yafundishwe, pamoja na elimu ya amani na maadili.

Sisi mapadre hatuwezi kusimulia haya tukijiweka kando. Huko Nyange, Aprili 1994, kanisa la parokia lilibomolewa kwa tingatinga juu ya Watutsi waliokimbilia humo. Padre wa parokia hiyo alitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na wana wake nchini humo.

Hata hivyo, mahali palepale Nyange, tarehe 18 Machi 1997, wanamgambo walivamia shule ya sekondari na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa kwa jibu hilo.

Hapa Singida, Wanyaturu, Wanyiramba, Wasukuma na Wabarbaig huketi dawati moja. Jioni nyumbani tunawasimulia nini juu ya jirani? Kitubio huanza kwa kutafiti dhamiri, wala hatuungami dhambi za mwingine. Vivyo hivyo, tukiwasimulia watoto ugomvi wa zamani, tusiache kosa la upande wetu.