Sisi Tu Uzao wa Nani?



Leo tulitazame neno moja la Kiingereza, offspring, maana yake uzao. Ni neno la kale, lina zaidi ya miaka 1,000. Limeungwa kwa maneno mawili: la kwanza ni "kutoka", la pili ni "kuruka" au "kuchomoza". Basi mzao ni yeye aliyechomoza kutoka kwa mwingine. Hata chemchemi ya maji Waingereza huiita spring, kwa tendo lilo hilo.

Tena neno hili halibadiliki kwa wingi. Mtoto akiwa mmoja au wakiwa kumi, ni offspring tu. Vivyo hivyo neno letu uzao: limetokana na kuzaa, na ndani yake wamo mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kinying'inya.

Katika Matendo 17, Paulo alisimama mbele ya wenye hekima wa Athene, akaazima neno la mshairi wao, kwamba wanadamu ni uzao wa Mungu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitia hapo offspring. Lakini Kigiriki chake ni genos, neno liwezalo pia kuwa na maana ya ukoo, hata kabila. Myahudi aliwaambia Wagiriki: sisi tu ukoo mmoja.

Nasi wa Kamere twalihitaji neno hili. Wengi wetu tulikuja kando ya Ziwa Naivasha kutafuta kazi katika mashamba ya maua, tukitoka Nyanza, Magharibi, Kati na kwingineko. Watoto wetu wamezaliwa hapa. Lakini Januari 2008, huko Naivasha, kabila la mtu likawa jambo la kufa na kupona. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbia.

Je, mtoto akituuliza, "Sisi ni watu wa nani?" tutamjibu nini? Kumtajia babu yake si dhambi. Biblia nayo huhesabu vizazi. Ila tumtazame Luka katika sura ya 3. Hakukoma kwa Daudi wala kwa Ibrahimu. Alipanda mpaka Adamu, na kutoka Adamu akafika kwa Mungu.

Basi tunapowahesabia watoto wetu ukoo wao, tusikome njiani. Bwana awabariki.