Kabla ya Kuitupa Miwani

Mteja akiniambia amechoka na miwani, swali langu la kwanza ni jinsi anavyoosha uso. Hapa Mombasa wengi hutawadha mara tano kwa siku, wengine hawakauki baharini, na maji ya nyumbani hukaa kwenye tangi juu ya paa. Lenzi za machoni na maji hayo havipatani.

Lenzi laini alizibuni mkemia Otto Wichterle wa Prague. Mwishoni mwa 1961 alizitengeneza nyumbani kwake kwa mtambo aliouunda kwa vifaa vya kuchezea watoto na dinamo ya baiskeli. Ni plastiki inayofyonza maji, na hapo ndipo penye hatari. Maji ya bomba, kisima au bahari huweza kubeba amiba iitwayo Acanthamoeba. Lenzi huikalisha juu ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Kidonda chake huuma vibaya, hutibiwa kwa miezi, na huweza kupofusha.

Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Suuza lenzi kwa dawa yake tu, si kwa maji wala mate, na dawa ya jana uimwage. Usilale nazo: konea haina mishipa ya damu, oksijeni huipata hewani, na kope zikifungwa juu ya lenzi hupungukiwa. Anayetawadha namshauri achukue lenzi za siku moja, afumbe macho akinawa uso, na ajifute kabla ya kufumbua.

Upasuaji wa kuachana na miwani nao huamuliwa na konea hiyohiyo. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, yaani maikroni 500 na ushei. Katika upasuaji wa leza uitwao LASIK daktari hukata kifuniko chembamba cha maikroni 100 hivi, hukiinua, leza hunyoa chini yake, kisha hukirudisha. Kila kipimo kimoja cha miwani hula takriban maikroni 14, na chini lazima zibaki angalau 250. Piga hesabu: mwenye konea ya 480 na miwani ya -10 atabakiwa na 240. Huyo hafai. Huenda akawekewa lenzi ndani ya jicho, nyuma ya mboni. Mwenye konea nyembamba kidogo lakini kipimo kidogo huweza kufanyiwa PRK, isiyo na kifuniko. Maumivu yake ni ya siku kadhaa.

Aliyezoea kufikicha macho kwa mzio tangu utotoni apimwe umbo la konea, maana ikiwa imeanza kuchongoka, LASIK huizidishia udhaifu. Lenzi laini zivuliwe wiki moja au mbili kabla ya vipimo, kwani hubadilisha umbo hilo. Na leza haimwondolei mtu miwani ya kusomea akishapita miaka 40.

Kliniki inayomkubali kila anayebisha hodi, mimi simpeleki mteja wangu.