Mita 30 na Nondo: Jinsi Jengo Linavyostahimili Bomu

Bomu linapolipuka karibu na jengo lenye watu, wengi huuawa na jengo lenyewe. Vioo hupasuka na kuruka kama visu, kuta huwaangukia waliomo, na sakafu za juu hushukia za chini. Kulizuia bomu ni kazi ya walinzi na polisi. Mhandisi hushughulika na yale yanayofuata mlipuko.

Afrika Mashariki iliyaona hayo Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, malori mawili ya mabomu yalipolipuka kwa kupishana dakika chache kwenye balozi za Marekani, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Ubalozi wa Nairobi, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, ulikuwa wa zege lenye nondo za kutosha. Ndani uliharibika vibaya na wafanyakazi wake 44 walikufa, lakini nguzo na sakafu zake zilibaki zimesimama. Jengo la Ufundi lililopakana nao liliporomoka lote, likawafukia watu wasiohusika kwa lolote na ubalozi huo. Bomu lilikuwa lilelile moja.

Mlipuko husukuma hewa kwa kasi inayopita ile ya sauti. Wimbi hilo huugonga ukuta kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hufuata mvuto wa kurudi nyuma, ambao huweza kuvichomoa nje vioo vilivyokwisha kulegea. Nguvu yake hupungua upesi kadiri linavyosafiri: ili kishindo cha mita 10 kisikike vilevile kwenye mita 20, bomu halina budi kuwa zito mara nane. Kwa hiyo kiwanja kitupu mbele ya jengo huokoa watu wengi kuliko kuongeza unene wa ukuta. Mwaka 1985, baada ya mashambulizi ya mabomu dhidi ya Wamarekani mjini Beirut, jopo lililoongozwa na Admirali Bobby Inman lilipendekeza balozi za Marekani ziwe mita 30 kutoka barabarani. Miaka 13 baadaye, Nairobi na Dar es Salaam hazikuwa na nafasi hiyo.

Kwenye ubalozi wa Dar es Salaam, Oysterbay, boza la maji lilikuwa langoni asubuhi ile. Lori la bomu likakosa njia, likalipukia nje, na boza hilo likabeba sehemu ya kishindo. Mhandisi hawezi kutegemea bahati ya namna hiyo. Kazi yake ni kupanga uzio, nguzo fupi za chuma na mahali pa kuegesha magari ili umbali uwepo kila siku.

Unene wa ukuta peke yake huwadanganya wengi. Magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, kaskazini ya Pemba, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na yamekaa karne nyingi kwa sababu uzito wake wote unashuka chini, jiwe likikandamiza jiwe. Mlipuko husukuma kwa ubavu, na wakati mwingine kutoka chini kwenda juu, na jiwe lisilofungwa kwa chuma halina cha kulishika. Ukuta wa matofali ya saruji usio na nondo una udhaifu huohuo.

Balaa kubwa zaidi ni la jengo kuporomoka kwa mfuatano. Huko Oklahoma City, Marekani, mwaka 1995, jengo la Alfred P. Murrah lilipoteza nguzo chache za mbele kwa bomu, na sakafu zilizozitegemea zikafuata. Watu 168 walikufa. Dawa yake iko mikononi mwa mafundi wa nondo: ringi za nguzo zifungwe kwa kukaribiana, nondo za bimu zipite ndani ya nguzo bila kukatwa hapo, na slabu iwe na nondo juu na chini, kwa kuwa mlipuko unaweza kuinyanyua kabla haijarudi kwa uzito wake. Nguzo moja ikiondoka, zilizobaki hugawana mzigo kwa muda wa kutosha watu kutoka.

Vioo vinastahili uangalizi wa pekee. Nairobi, watu wengi walisikia kwanza mlio wa guruneti na risasi, wakakimbilia madirishani kuangalia. Bomu lenyewe likawakuta hapo, na wengi wakapoteza macho. Kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki, kama cha mbele ya gari, hupasuka lakini vipande hubaki vimeshikana, mradi fremu imefungwa barabara ukutani. Kwa majengo ya zamani, utando wa kubandika ndani ya kioo ni wa bei nafuu.

Mwaka 2003 balozi za Nairobi na Dar es Salaam zilihamia majengo mapya, Gigiri na Msasani, kwenye viwanja vyenye nafasi. Hospitali, benki na wizara za katikati ya mji haziwezi kuhama. Kwazo yanabaki mambo madogo yanayowezekana: magari yasiyokaguliwa yasiegeshwe chini ya jengo, meza za kazi zisogezwe mbali na madirisha, na wafanyakazi wafundishwe kwamba wakisikia mlio wa kwanza wajitenge na vioo na kulala chini.