Kihisi cha Maji ya Tangi: Hakiki Kabla ya Kumlipa Fundi

Watumiaji wengi wenye matangi makubwa hufunga kihisi kinachopima kina cha maji, pamoja na kirekodi kinachohifadhi vipimo hivyo. Aghalabu kihisi hicho hutoa mkondo wa umeme wa miliampea 4 tangi likiwa tupu na 20 likijaa. Mkondo hutumika kwa sababu haupungui njiani kama volti zinavyopungua katika waya mrefu.

Kwa kihisi cha nyaya mbili, ncha chanya ya chanzo cha umeme, kwa kawaida volti 24 za mkondo mnyoofu, huunganishwa na ncha chanya ya kihisi. Ncha hasi ya kihisi huenda kwenye ncha chanya ya kirekodi, na ncha hasi ya kirekodi hurudi kwenye ncha hasi ya chanzo. Kirekodi kinachosoma volti pekee huhitaji rezista ya omu 250 kati ya ncha zake mbili, ili miliampea 4 zisomeke kama volti 1, na miliampea 20 kama volti 5. Chenye rezista ndani yake kisiongezewe nyingine.

Kosa tunalowatahadharisha watumiaji ni kirekodi kupangwa kana kwamba tangi tupu ni volti 0. Kwa tangi lenye kina cha mita 4, kosa hilo halionekani tangi likijaa. Maji yakibaki mita 2, kirekodi husoma mita 2.4, yakiisha kabisa, husoma mita 0.8. Anayekitegemea ataiacha pampu ikivuta hewa hadi iungue.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, tunashauri mtumiaji adai majaribio mawili yafanyike mbele yake:

1. Kihisi kitolewe majini. Kirekodi sharti kisome sifuri.

2. Umeme uzimwe, waya mmoja wa kihisi uchomolewe, kisha umeme uwashwe. Kirekodi sharti kioneshe hitilafu, wala si tangi tupu, kwa kuwa kihisi kizima hakishuki hadi miliampea 0.

Jaribio lolote lisipofaulu, kazi haijakamilika, na mtumiaji ana haki ya kutaka irekebishwe. Aidha, adai mchoro wa nyaya na risiti inayotaja aina ya kihisi na kirekodi, avihifadhi pamoja.