Kutambua Sarafu Kuukuu za Shaba Darasani

Mwalimu afundishaye Historia katika shule za Amani na Usambara kwa jumla aweza kuletewa na mwanafunzi sarafu kuukuu iliyotunzwa nyumbani. Amani ilikuwa kituo cha Wajerumani cha utafiti wa kilimo tangu 1902, hivyo fedha za utawala ule si ngeni huko. Watoto watauliza, "Ina thamani gani?" Kazi yako ni kuligeuza swali hilo liwe, "Tunajuaje ni ya lini?"

Kwanza, sarafu isisuguliwe kwa mchanga, majivu wala ndimu. Maandishi ndiyo ushahidi; yakifutika hayarudi. Tandika karatasi nyembamba juu yake, kisha pitisha penseli taratibu, alama zitajitokeza.

Pili, wanafunzi waandike wanayoyaona kabla ya kutaja jina lolote.

(a) Tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili: hiyo ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya 1890 hadi 1892. Tahadhari: 1307 iliyoandikwa kwa tarakimu za Kiarabu ni mwaka wa Kiislamu, unaolingana na 1890. Asiyejua hilo ataizidishia sarafu umri kwa karne kadhaa.

(b) Taji na neno HELLER: ni ya serikali ya Kijerumani, kuanzia 1904, rupia ilipogawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Herufi A ni Berlin na J ni Hamburg. T ni Tabora, zilikotengenezwa sarafu za 1916, Waingereza walipokuwa wameziba njia ya bahari.

(c) Pembe za ndovu, tundu katikati na maneno EAST AFRICA: ni senti za enzi ya Waingereza. Lakini tundu peke yake si ushahidi, kwani baadhi ya heller nazo zilitobolewa.

Tatu, unganisha somo na Kiswahili. Neno "hela" limetokana na heller hiyo hiyo.

Wataalamu wa sarafu za shaba za wafalme wa Kiyunani waliomfuata Aleksanda hufuata njia hiyo hiyo: sura, herufi, alama, kisha hukumu. Mtoto aliyezoea utaratibu huo hatadanganywa kwa urahisi na uvumi.

Somo likiisha, mrudishie mwenyewe sarafu yake; darasani ibaki nakala ya penseli.