Chimbeni Shimo Kabla ya Kugawa Viwanja

Ndugu wakulima wa Kibondo na Kasulu,

Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, swali kubwa ni hili: sehemu gani ibaki ya kulima? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji. Mpango hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ninyi mkaukubali au mkaukataa. Lakini mtaamuaje kama hamjui udongo wenu? Shamba zuri likishafyatuliwa matofali, halirudi.

Basi chukueni jembe. Chimbeni shimo la kina cha mita 1. Tazameni ukuta wake. Udongo wa juu, ule wenye mboji, una kina gani? Mizizi imefika wapi? Mkigonga mwamba karibu na juu, hapo pajengwe nyumba, pasilimwe mahindi.

Kisha lowesheni udongo kidogo, muuvingirishe mkononi. Ukimomonyoka, ni wa kichanga. Ukiwa kamba ndefu isiyokatika, ni mfinyanzi. Ukiwa kamba fupi inayokatika, ni tifutifu. Huo unafaa mazao mengi.

Msidanganywe na rangi. Wengi husema udongo mweusi wa bondeni hushinda mwekundu wa mlimani. Si kila mara. Chini kukiwa na rangi ya kijivu na madoa ya kutu, maji hutuama hapo. Maharage yataoza; pandeni mpunga. Udongo mwekundu wa vilima vyetu hupitisha maji vizuri, ila mvua nyingi huosha rutuba yake na kuufanya uwe na tindikali. Tindikali haionekani kwa macho. Choteni udongo mahali 15 shambani, kina cha sentimita 20. Changanyeni katika ndoo safi. Toeni nusu kilo, anikeni kivulini, mpelekeeni bwana shamba ili upimwe. Msitumie mfuko uliokuwa na mbolea.

Waulizeni wazee pia. Miaka ya 1970 watu wengi wa Buha walihamishwa kutoka kwenye migomba yao, wakaenda vijiji vya kando ya barabara. Mahame yale yalikuwa yametiwa samadi miaka mingi. Mimi ningeyapima kwanza kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Mkishapima, choreni ramani chini kwa kijiti, kila mwenye shamba akiwapo. Mtendaji wa kijiji ainakili kwenye karatasi, isomwe mkutanoni.