Ndege za vita za zamani zikitua Bagamoyo, nani atauza nini?

KILA mfanyabiashara mdogo nchini anaijua Kariakoo, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba jina hilo limetokana na vita. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam Septemba 1916, eneo la soko lililojengwa na Wajerumani liligeuzwa kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao. Wapagazi hao walibeba unga na risasi vichwani kwa ajili ya vita visivyokuwa vyao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu wiki hii tunapima wazo linalogusa vita na biashara kwa pamoja: kuandaa mkusanyiko wa ndege za kivita za zamani ambazo bado zinaruka, katika pwani ya Bagamoyo. Makala haya hayatangazi kwamba tamasha hilo lipo. Yanauliza swali moja tu la kiuchumi. Likiandaliwa, mkulima wa nanasi wa Kiwangwa na mama lishe wa Bagamoyo mjini watakuwa wauzaji, au watakuwa wapagazi kwa mara nyingine?

Si jambo geni duniani

Wenzetu wamekwishafanya. Aprili 2012, ndege 20 za aina ya B-25, zilizotumika katika Vita Kuu ya Pili, zilikusanyika katika uwanja mdogo wa Urbana, mji wa kilimo katika jimbo la Ohio, Marekani. Shabaha ilikuwa kuadhimisha miaka 70 ya shambulio la Aprili 18, 1942, ambapo ndege 16 za aina hiyo ziliruka kutoka kwenye meli kwenda kuishambulia Japani. Ndege za B-25 zilitengenezwa karibu 10,000, na zinazoruka hadi sasa ni chache mno. Ndiyo maana zikikusanyika 20 mahali pamoja watu hufunga safari kwenda kuziona.

Ndege zile hazikupita tu juu ya Urbana. Zilitua na kukaa, kisha zikaondoka kwa pamoja kwenda kwenye makumbusho ya jeshi la anga karibu na Dayton. Hapo ndipo penye somo kwa mfanyabiashara. Ndege inayopita angani haimnunulii mtu nanasi. Mtazamaji huinua kichwa, hupiga picha na kuendelea na safari yake. Lakini ndege ikilala uwanjani siku mbili, rubani anakula, fundi anahitaji chai ya asubuhi, na familia iliyotoka mjini inatafuta kivuli, maji na chakula cha watoto.

Kwetu Afrika jambo la karibu zaidi lilitokea mwaka 2016. Ndege ndogo zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1920 na 1930, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ziliondoka kisiwa cha Krete, Ugiriki, Novemba 12 na kumaliza safari Afrika Kusini katikati ya Desemba. Ratiba yao ilizipitisha Misri, Sudan, Ethiopia na Kenya, na kwa upande wetu Kilimanjaro na Zanzibar zilikuwamo. Kwa hiyo, anayesema ndege kongwe haziwezi kufika pwani ya Afrika Mashariki hana hoja.

Kwa nini pwani hii

Historia ipo. Mwaka 1915, kusini mwa Dar es Salaam, Waingereza walifyeka uwanja wa ndege katika kisiwa cha Mafia. Ndege zilizoruka kutoka hapo ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli iliyoiangamiza manowari ya Kijerumani ya Königsberg katika delta ya Rufiji, Julai 11. Mwaka uliofuata, Agosti 15, askari wa majini wa Uingereza waliteremka Bagamoyo na kuuteka mji. Ndege za wakati ule zilikuwa za mbao na kitambaa, na hatutegemei kuziona. Zinazoweza kuja ni kizazi kilichofuata, kama Tiger Moth na Stearman, ndege ambazo marubani wa Vita Kuu ya Pili walijifunzia.

Mkulima naye ana sababu yake ya kuzijua. Baada ya vita, ndege nyingi za Stearman ziliuzwa kwa bei nafuu huko Marekani, zikafungwa matangi na kuanza kunyunyiza dawa mashambani. Ndege ya kunyunyizia dawa ya nzige na kwelea kwelea tunayoiona leo inafanya kazi ya aina hiyo. Hata Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946, lilianza na ndege 6 ndogo za Dragon Rapide, aina ambayo jeshi la Uingereza liliitumia wakati wa vita.

Kuhusu wakati, Julai inafaa. Masika yamekwisha, barabara za vumbi zinapitika, na tarehe 11 inaangukia kati ya Sabasaba na Nanenane, wakati ambao wafanyabiashara wetu wamezoea kufunga mizigo kwenda kwenye maonyesho. Tahadhari ni upepo wa kusi. Ndege hizi ni nyepesi, hivyo ni busara shughuli za kuruka zikapangwa asubuhi kabla upepo haujapamba moto. Mwenye kuuza chai na maandazi ayaweke hayo akilini, kwani saa zake za mauzo zitaanza mapema kuliko za muuza chips.

Mafuta, vibali na usalama

Mambo matatu yanaweza kuua shughuli hii kabla haijaanza.

La kwanza ni mafuta. Ndege kubwa za abiria hutumia mafuta ya jeti, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa. Ndege kongwe hutumia petroli maalumu ya ndege, avigesi, ambayo haipatikani katika kila uwanja. Tiger Moth hubeba kama lita 86 na huchoma takriban lita 30 kwa saa. Tukichukua mfano wa ndege 10, kila moja ikiruka saa 3, zinahitajika lita 900, yaani karibu mapipa matano ya lita 200. Kiasi hicho si kikubwa, lakini lazima kiagizwe mapema na kiwe kimefika uwanjani kabla ya ndege ya kwanza.

La pili ni vibali. Ile safari ya mwaka 2016 ilikwama Gambella, Ethiopia, ambako makumi ya washiriki walizuiliwa kwa siku kadhaa baada ya mamlaka kusema wameingia bila kibali. Kwetu, mwandaaji atahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, jeshi, forodha na uhamiaji. Akitaka kutumia kiwanja kilichopo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, atabisha hodi TANAPA. Akitaka ndege zilale Zanzibar, atazungumza na wenyewe wa Zanzibar. Karatasi hizo ndizo mbegu za shughuli nzima. Mwandaaji ambaye hana hata moja mkononi bado hajapanda kitu.

La tatu ni usalama. Novemba 12, 2022, ndege mbili za Vita Kuu ya Pili ziligongana angani katika maonyesho ya Dallas, Marekani, na watu 6 waliokuwa ndani yake wakafa. Kwa sababu hiyo mabanda ya biashara hayawezi kuwekwa chini ya njia ya ndege, hata kama ndipo watu watakapojaa. Gari la zimamoto na gari la wagonjwa yawepo tangu asubuhi hadi ndege ya mwisho itakapozima injini.

Aidha, vitu vizee huharibika. Agosti 2014, ndege ya Lancaster ilisafiri kutoka Kanada hadi Uingereza kukutana na mwenzake, kwani hizo mbili tu ndizo zilizokuwa zikiruka duniani. Njiani katika ziara hiyo injini yake moja iliharibika, ikabidi wenyeji waiazime injini nyingine. Ratiba ya ndege kongwe ni matumaini, na mfanyabiashara asiipige hesabu kama ratiba ya basi.

Hesabu ya sahani

Hapo ndipo penye hatari kwa mtu mwenye mtaji mdogo. Niliwahi kushuhudia shughuli moja ya pwani iliyoahirishwa kwa siku mbili bila wauzaji kuambiwa. Waandaaji walirudi makwao kulala. Mananasi yaliyokwisha kukatwa hayakuweza kurudi shambani, yakauzwa kwa bei ya kutupa.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama lishe anatumia Sh2,000 kupika sahani moja na anaiuza Sh3,000. Akipika sahani 100 ametumia Sh200,000. Zikiisha zote anapata faida ya Sh100,000. Ndege zikichelewa na akauza sahani 60 tu, anakusanya Sh180,000 na amepata hasara ya Sh20,000. Ili arudishe fedha yake lazima auze sahani 67. Kama mtaji huo ni mkopo wa VICOBA, riba inaendelea kuhesabiwa.

Sasa tubadilishe jambo moja. Mwandaaji anaandikiana naye mkataba wa sahani 50 za marubani, mafundi na walinzi, nusu ya malipo ikitangulia, na sahani hizo zinalipwa hata kama ndege hazikutua. Mama huyo anapika sahani 80 kwa Sh160,000. Sahani 50 za mkataba zinamletea Sh150,000. Akiuza nyingine 4 tu kwa watazamaji amekwisha kurudisha gharama, na zinazobaki ni faida. Mapishi ni yaleyale na watu ni walewale, lakini hatari ya ndege kuchelewa imehamia kwa mwenye uwezo wa kuibeba.

Kwa mkulima, kanuni ni hiyohiyo. Nanasi huchukua zaidi ya mwaka tangu kupandwa hadi kuvunwa, hivyo hakuna sababu ya kupanda nanasi kwa ajili ya tamasha la siku mbili. Kinachofaa ni kutenga sehemu ya mavuno yaliyopo. Wakulima wa Kiwangwa, ambao barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata inapita kwao, wanaweza kuuza kupitia kikundi, wakakata matunda kwa awamu kila asubuhi baada ya kuthibitishiwa kwamba ndege zinakuja. Wavuvi nao wafanye hivyo kwa samaki, na wenye pikipiki wakubaliane nauli mapema badala ya kugombania abiria getini.

Tusirudie ya karanga

Tanzania imewahi kuona mitambo ya vita ikiletwa kwa mbwembwe. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3, wakaleta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mvua haikufuata mpango wao na udongo wa Kongwa uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Wagogo waliokuwa wakiishi na ukame ule miaka yote wangeweza kueleza mapema, lakini mpango uliandikwa mbali na wao.

Kwa hiyo, siku atakapokuja mtu Bagamoyo na picha za ndege nzuri, halmashauri na vikundi vya wafanyabiashara visianze kwa kushangilia. Viulize maswali matano. Ndege zitatua wapi na kukaa siku ngapi? Vibali vipi vimekwisha kutolewa? Mafuta yako wapi? Nani atalipa chakula kilichopikwa zikichelewa? Na ni sehemu gani ya manunuzi yatafanyika kwa wakulima na wauzaji wa hapa, kwa maandishi?

Mwenye majibu hayo apewe ushirikiano, kwa sababu mji huu uliishi kwa kulisha na kupokea misafara katika karne ya 19 na bado unajua kazi hiyo. Asiye nayo aambiwe akayatafute kwanza, na kabla hajarudi nayo, mtu asikope wala asikate nanasi hata moja.